Jeraha dogo linapozaa ulemavu: Haki ya mgonjwa kudai fidia

MTOTO wa miaka minane anateleza kwenye mti wa mpera na kuangukia mkono. Jioni hiyo anafikishwa hospitalini, anapigwa picha ya eksirei na mfupa unaonekana umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Anafungwa plasta, anapewa tembe za kutuliza maumivu na kurejeshwa nyumbani.

Usiku kucha mtoto halali. Vidole vimefura na vimekufa ganzi, na akijaribu kuvinyoosha hupiga mayowe. Kulipopambazuka mamaye anamrudisha hospitalini lakini anaambiwa kuwa mfupa ukivunjika sharti uume, aendelee na dawa. Plasta inapofunguliwa siku ya tatu, misuli ya mkono imekwisha kufa. Mtoto huyo atakua akiwa na vidole vilivyokunjamana kama kucha za mwewe.

Mfano huu ni wa kubuni na haumlengi yeyote, ila daktari yeyote wa mifupa atautambua mara moja. Ulemavu wa aina hiyo hubeba jina la mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliyeueleza mwaka wa 1881. Ni zaidi ya miaka 140 sasa tangu madaktari wafahamu chanzo chake na namna ya kuuzuia.

Swali linaloikabili familia kama hiyo ni gumu kuliko linavyoonekana. Hospitali haikumwangusha mtoto mtini. Mfupa ulivunjika kabla ya daktari kumwona. Je, mkono uliopooza ni mzigo wa mpera au ni mzigo wa hospitali? Na ikiwa ni wa hospitali, mzazi ataithibitishia vipi mahakama?

Madai ya fidia kutokana na majeraha madogo yaliyogeuka kuwa balaa ni tofauti na yale ya mgonjwa aliyesahauliwa mkasi tumboni. Katika kisa cha mkasi, kosa ni la wazi. Katika kisa cha jeraha dogo, mara nyingi lawama huwa juu ya jambo ambalo halikufanywa: kipimo kisichoitishwa, plasta isiyolegezwa, sindano isiyodungwa, ama onyo ambalo mgonjwa hakupewa alipokuwa akienda zake nyumbani.

MAJERAHA YANAYODANGANYA

Kabla ya kuzungumzia sheria, yafaa msomaji ayajue majeraha yenyewe, kwa kuwa kesi nyingi husimama au kuanguka kwa swali moja: je, daktari mwangalifu angeitambua hatari wakati ule?

Tuanze na lile la mtoto wa mpera. Misuli ya mkono na ya mguu imefunikwa kwa utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na majimaji hujikusanya ndani, nayo plasta iliyobana huongeza shinikizo kwa nje. Shinikizo likizidi, damu haipenyi tena hadi kwenye misuli. Misuli huweza kuharibika kabisa katika muda wa saa 6 hivi. Tiba yake ni kuilegeza plasta na pamba yote hadi kwenye ngozi na, isipotosha, kuupasua utando ule bila kuchelewa.

Dalili kuu ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi badala ya kupungua, na ambayo hupanda zaidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine. Ganzi hufuata. Kosa ambalo limewaponza wahudumu wengi ni kugusa mshipa wa mkono, kuuhisi ukipiga, na kudhani mambo ni shwari. Mshipa huweza kuendelea kupiga huku misuli ikifa.

Pepopunda ni hatari nyingine. Vijidudu vyake huishi mchangani na kwenye samadi, na huingia mwilini kupitia kidonda ambacho pengine hakizidi ukubwa wa tundu la msumari. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, wakati ambapo kidonda chenyewe huenda kimekwisha kufunga. Taya hukaza, shingo hukakamaa, kisha mwili mzima hupindika.

Hapa wajibu wa mhudumu ni mwepesi mno kiasi kwamba kushindwa kuutimiza ni vigumu kutetea. Amuulize mgonjwa alichanjwa lini mara ya mwisho. Kwa kidonda kichafu, mtu aliyekamilisha chanjo zake lakini ambaye imepita miaka 5 tangu ile ya mwisho huhitaji nyingine ya kuongeza nguvu; kwa kidonda kidogo kilicho safi, ni miaka 10. Asiyewahi kuchanjwa ipasavyo, akiwa na kidonda kichafu, huhitaji pia dawa ya kingamwili. Nchini Kenya watoto huchanjwa wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, nao akina mama huongezewa kinga wanapohudhuria kliniki za wajawazito. Wanaume wazima ndio husahaulika, ilhali ndio hasa wanaokanyaga misumari katika maeneo ya ujenzi.

Hali kadhalika, mkwaruzo wa mbwa. Watu hucheka wanapomwona mtu akikimbilia hospitalini kwa sababu ya mkwaruzo, lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi 2 hadi 3, ingawa huweza kuchukua wiki moja tu au hata mwaka. Kuosha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kuanza chanjo mara moja, huokoa maisha. Mhudumu anayekifunga kidonda hicho bendeji na kumwambia mgonjwa aende zake bila chanjo atakuwa na kazi ngumu kizimbani.

Vipo pia visa ambavyo eksirei yenyewe hudanganya. Kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambao hupasuka mtu anapoanguka na kujizuia kwa kiganja. Ufa wake huenda usionekane kabisa katika picha ya siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo madaktari hufunzwa kuufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14 iwapo mgonjwa bado anaumwa mahali hapo. Ukiachwa, mfupa huo huweza kukosa damu na kufa, na kijana fundi wa magari akajikuta hawezi tena kukaza spana.

Kipande cha glasi kilichobaki ndani ya kidonda mara nyingi huonekana kwenye eksirei. Mwiba au kibanzi cha mti mara nyingi hakionekani. Mkato mdogo wa chupa kiganjani huweza kuwa umekata ukano wa kidole, na usijulikane kama mgonjwa hakuambiwa akunje na kunyoosha kidole kimoja kimoja kabla ya kushonwa. Mwenye kisukari aliyechomwa na mwiba mguuni huenda asihisi chochote hadi mguu uanze kuoza.

Na abiria wa bodaboda aliyegonga kichwa, akazimia kidogo, akazinduka na kuzungumza vizuri, huenda damu inaendelea kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Atasema ana usingizi. Jamaa zake watamwacha alale.

NGUZO ZA KESI

Sheria ya Kenya kuhusu uzembe wa matabibu imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maamuzi ya mahakama, mengi yakiwa yametoka Uingereza na kukubaliwa na majaji wetu. Mlalamishi hana budi kuthibitisha mambo manne: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliukiuka wajibu huo, kwamba ukiukaji ndio ulioleta madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo.

Jambo la kwanza halina ubishi mwingi. Hospitali ikishampokea mgonjwa, wajibu umeanza. Aidha, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kuhusu la pili, kipimo kinachotumika ni kile cha kesi ya Bolam, iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1957. Daktari hahesabiwi kuwa mzembe ikiwa alitenda jinsi kundi la madaktari wenye ujuzi katika fani hiyo lingekubali kuwa sawa, hata kama madaktari wengine wangefanya vingine. Kwa miaka mingi kipimo hicho kililalamikiwa kuwa kinawaachia madaktari wajihukumu wenyewe. Mwaka wa 1997, katika kesi ya Bolitho, Bunge la Malodi lilisema kuwa mahakama yaweza kuyakataa maoni ya wataalamu iwapo hayana mantiki.

Kwa mgonjwa wa jeraha dogo, maana yake ni hii. Haitoshi kusema, "Daktari hakutambua." Kutotambua si kosa kila mara. Ufa usioonekana kwenye picha ya siku ya kwanza haumfanyi daktari kuwa mzembe. Kumwambia mgonjwa asirudi tena, au kumfukuza anaporudi akilia kwa maumivu, hilo ni suala jingine kabisa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kueleza mwaka wa 1974 kuwa sheria humtaka mtaalamu awe na ujuzi na uangalifu wa kadiri, lakini haimwekei mgonjwa bima dhidi ya kila mtelezo.

Upimaji hufuata fani. Afisa wa kliniki katika zahanati ya mashambani hatapimwa kwa mizani ya profesa wa upasuaji wa mifupa. Lakini hata yeye hutarajiwa kujua mipaka yake na kumtuma mgonjwa mbele. Barua ya rufaa isiyoandikwa imewahi kumgharimu mtu mkono.

MAMBO HUHARIBIKIA HAPA

Nguzo ya tatu ndiyo huangusha kesi nyingi, na wananchi wengi hawaifahamu. Hospitali yaweza kukiri kosa, na bado mgonjwa akashindwa.

Kisa kinachofundishwa katika vyuo vya sheria kote kinahusu walinzi watatu wa usiku huko London waliokunywa chai na kuanza kutapika. Ilikuwa Januari 1, 1966. Walienda hospitalini, na daktari wa zamu, bila kuwatazama, akaagiza kupitia simu waende nyumbani na kuwaona madaktari wao. Saa chache baadaye mmoja wao alikufa. Chai ilikuwa imetiwa sumu ya aseniki. Jaji alikubali kuwa hospitali ilikosea kwa kutompima. Hata hivyo, mjane hakupata fidia kwa kuwa ushahidi ulionyesha kwamba hata marehemu angelazwa, dawa ya kuiondoa sumu hiyo isingemfikia kwa wakati.

Kesi inayokaribia zaidi mada yetu ni ile ya Hotson. Mwaka wa 1977 mvulana wa miaka 13 alianguka kutoka mtini huko Uingereza na kuumia nyonga. Hospitali ilimpiga picha ya goti, haikuona kitu, ikamrudisha nyumbani. Alirejea baada ya siku 5 akiwa bado ana maumivu makali, ndipo jeraha la nyonga likaonekana. Mfupa ulikuwa umekosa damu, naye akabaki na ulemavu wa kudumu.

Hospitali ilikiri uzembe. Jaji wa kwanza alikadiria kuwa hata angetibiwa siku ile ile, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 75 kwamba ulemavu ungetokea tu. Akampa robo ya fidia, yaani pauni 11,500, kwa kuipoteza ile nafasi ya asilimia 25. Bunge la Malodi liliutengua uamuzi huo mwaka wa 1987. Likasema mahakama huuliza ni lipi lililo na uwezekano zaidi ya nusu. Na lenye uwezekano zaidi ya nusu lilikuwa kwamba anguko lenyewe, wala si ucheleweshaji, ndilo lililomlemaza. Zile pauni 11,500 zikapotea. Kilichobaki ni pauni 150 alizokuwa amepewa kwa maumivu ya siku zile 5.

Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa mkali mno, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Mtu aliyenyimwa nafasi moja kati ya nne za kupona amenyimwa kitu. Lakini ndivyo sheria ilivyo, na mlalamishi anayeingia mahakamani bila kuijua huingia gizani.

Turudi basi kwa mtoto wa mpera. Wakili wake hapaswi kupoteza nguvu akieleza jinsi mkono ulivyo sasa; hilo litaonekana kwa macho. Kazi yake ni saa. Vidole vilianza kufa ganzi saa ngapi? Mama alifika hospitalini saa ngapi asubuhi ile? Je, plasta ingekatwa wakati huo, misuli ingeokolewa? Mtaalamu akisema misuli ilikuwa imekwisha kufa tangu usiku wa manane, uzembe wa asubuhi hausaidii kesi, ila labda kwa maumivu yaliyoongezeka. Wakili atalazimika kurudi nyuma na kuuliza kama mama alionywa jioni, alipokuwa akiondoka, kwamba ganzi na maumivu yanayozidi ni dalili za kurejea upesi, hata kama ni usiku.

Kwa sababu hiyo maneno machache anayopewa mgonjwa mlangoni yana uzito mkubwa. Hospitali nyingi siku hizi hutoa karatasi yenye maagizo kwa mgonjwa wa plasta au aliyegonga kichwa. Karatasi hiyo humlinda mgonjwa, nayo humlinda daktari pia.

Kuna hali ambapo mahakama humpunguzia mlalamishi mzigo, pale ambapo tukio linajieleza lenyewe. Katika kesi ya Cassidy ya mwaka wa 1951, mgonjwa aliingia hospitalini Uingereza akiwa na vidole viwili vilivyokakamaa. Alipasuliwa, mkono ukafungwa kwenye gango kwa siku kadhaa, akawa analalamikia maumivu bila kusikilizwa. Alitoka akiwa na vidole vinne visivyofanya kazi. Mahakama ya Rufaa ilisema hospitali ndiyo ilipaswa kueleza jinsi mambo yalivyokuwa, na iliposhindwa ikawajibishwa, bila mgonjwa kulazimika kumtaja ni nani hasa kati ya wafanyakazi aliyekosea.

Kesi hiyo ina faida nyingine kwa msomaji wetu. Ilithibitisha kuwa hospitali huwajibikia makosa ya madaktari na wauguzi iliowaajiri. Tatizo huzuka katika hospitali za kibinafsi ambako daktari huja kutibu bila kuwa mwajiriwa. Hospitali husema si wetu, daktari husema wauguzi si wangu. Mawakili wenye uzoefu huwashtaki wote wawili.

Mgonjwa naye hachunguzwi kwa jicho la huruma tu. Ikiwa aliambiwa arudi baada ya siku mbili akakaa wiki mbili, au aliikata plasta mwenyewe na kwenda kwa mkandaji wa mifupa akafungwa vijiti, mahakama huweza kugawanya lawama na kumpunguzia fidia. Sheria inayoruhusu mgawanyo huo ni Sura ya 26.

KARATASI NA KALENDA

Kesi hizi hushindwa au hushinda kwa maandishi. Kijitabu cha kliniki, kadi ya chanjo, filamu ya eksirei, risiti ya dawa, hata ujumbe wa simu uliotumwa kwa jirani saa tisa usiku kuomba gari, vyote ni ushahidi. Ujumbe huo una saa yake, na tumeona jinsi saa ilivyo na uzito.

Mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya rekodi zake. Kifungu cha 35 cha Katiba, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 vyote humpa nguvu. Ombi liandikwe, litiwe tarehe, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Lifanywe mapema, kabla faili "haijapotea". Faili ikipotea mikononi mwa hospitali, mahakama huweza kuuliza kwa nini, na jibu likikosekana ikaamini kuwa yaliyomo hayakuwa mazuri kwa hospitali.

Mgonjwa akifariki, uchunguzi wa maiti huwa ndio ushahidi mkuu. Hili ni suala chungu kuligusa. Familia huwa katika msiba, mazishi yanapangwa, na kwa Waislamu maiti huzikwa upesi. Lakini bila ripoti ya mpasuaji kueleza kilichoua, hospitali itasema ni ugonjwa mwingine, na kufukua kaburi baadaye huhitaji amri ya mahakama na moyo mgumu. Jamaa wanaweza kumleta daktari wao ashuhudie uchunguzi huo. Kesi za vifo hufunguliwa chini ya Sura ya 26 na Sura ya 32, na msimamizi wa mali ya marehemu ndiye hushtaki kwa niaba ya waliobaki.

Kuhusu muda, sheria haina mchezo. Kwa mujibu wa Sura ya 22, madai ya uzembe yanapaswa kufikishwa mahakamani katika muda wa miaka 3. Dhidi ya Serikali, Sura ya 39 hutoa miezi 12 pekee. Tangu mwaka wa 2013 hospitali nyingi za umma zimekuwa chini ya kaunti, na wakili mwenye busara huichukulia miezi 12 kuwa ndiyo kikomo hata huko, badala ya kungoja kubishana baadaye kortini.

Kuna mlango mdogo. Mtu ambaye hakujua, na hangeweza kujua, jambo la msingi katika madai yake, anaweza kuomba mahakama imruhusu kushtaki nje ya miaka 3. Mathalan, aliyeishi na kipande cha mti mguuni kwa miaka minne akiambiwa ni baridi yabisi. Mlango huo hufunguliwa kwa nadra, na haumfai aliyekuwa akijua akanyamaza.

Wengi hupoteza muda wakisubiri uamuzi wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), lililochukua nafasi ya bodi ya zamani mwaka wa 2019. Kupeleka malalamishi huko ni jambo zuri. Hakuhitaji wakili, na baraza huwa na wataalamu wanaoielewa lugha ya faili. Laweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumwondoa kwenye sajili. Lakini kazi yake ni nidhamu, na malalamishi hayo hayasimamishi kalenda ya mahakama. Anayemlalamikia afisa wa kliniki au muuguzi huelekea kwa mabaraza yao, kila kundi na lake. Uamuzi wa baraza husaidia mahakamani, ingawa haumfungi jaji.

Shahidi mgumu zaidi kumpata ni daktari wa kumpinga daktari. Fani ni ndogo, watu wamesoma pamoja, wanapigiana simu. Wengine hukubali kuandika ripoti lakini hukataa kusimama kizimbani, na ripoti isiyo na mwandishi wa kuihojiwa haina nguvu. Baadhi ya mawakili humtafuta mtaalamu kutoka mji mwingine, au hata nchi jirani, na gharama hupanda.

Kuhusu ada, msomaji ajihadhari na wakili anayesema, "Usilipe chochote, tutagawana tukishinda." Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haiyatambui makubaliano ya malipo ya baada ya ushindi pekee. Na anayeshindwa kesi kwa kawaida huagizwa kulipa gharama za mshindi.

Fidia yenyewe ina mafungu. Maumivu na kupoteza raha ya maisha hukadiriwa na mahakama kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Gharama zilizokwisha kutumika, kama vile dawa na nauli, lazima zitajwe kwenye hati ya mashtaka na kuthibitishwa kwa risiti. Shilingi isiyo na risiti huwa imepotea. Kisha yapo mapato yaliyopotea na matibabu ya siku zijazo. Madai yasiyozidi Sh20 milioni huweza kusikizwa na hakimu mkuu, kwa mujibu wa sheria ya mahakama za mahakimu ya 2015; yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu.

Kesi nyingine humalizwa nje ya mahakama. Kampuni ya bima ya hospitali huita familia, huweka hundi mezani na hati ya kutia saini. Hati hiyo kwa kawaida husema kwamba mpokeaji amemaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye. Kwa mkono wa mtoto ambao haujakoma kukua, na ambao huenda ukahitaji upasuaji mwingine akifika miaka 15, hayo ni maneno mazito kuyatia saini kwa haraka. Na kesi ikishafunguliwa kwa niaba ya mtoto, mzazi anayemwakilisha hana uwezo wa kupatana na hospitali peke yake. Makubaliano sharti yapelekwe kwa jaji au hakimu, ayasome, na aridhike kuwa yanamfaa mtoto kabla ya kuyaidhinisha.